Mgomba Ulioegemea Mti

Wewe unayekohoa sasa hivi, uliyetengewa kikombe chako peke yako nyumbani, nakuandikia wewe. Wengine wakitaka kusoma, wasome, lakini sikuwakusudia wao. Asiyewahi kutengewa kikombe hajui uzito wake.

Naitwa Adventina. Nimezaliwa Buhembe, nimeolewa Kagoma, upande wa Muleba. Shule nimesoma kidogo kwa masista, mpaka nikaweza kusoma katekisimu, halafu baba akasema inatosha, migomba inanisubiri. Kwa hiyo usitafute hapa maneno ya daktari. Ugonjwa ulikuwa wa kifua, ule mkubwa, unaujua. Naandika kwa Kiswahili na siandiki kwa Kihaya kwa sababu wodini tulilala watu wa makabila mengi, na lugha iliyotuwezesha kuombana maji ilikuwa hii.

Jambo moja nalisema mapema. Wapo watu watatu walionizika kabla sijafa, nami nitawataja kwa majina. Wa kwanza ni shemeji yangu Kaijage, kaka mkubwa wa mume wangu. Wa pili ni mama mkwe wangu, Koletha. Wa tatu ni mume wangu mwenyewe, Sebastiani, ambaye hakusema neno la kunitetea, na kutosema kwake nakuhesabu. Wote wako hai. Mimi pia niko hai, ndiyo maana naweza kuwataja.

Sasa nianze na wimbo, maana bila wimbo huo hutaelewa kitu.

Mimi ni mtungaji. Sisemi hivyo kwa kujivuna. Hapana, nafuta hilo: nasema kwa kujivuna. Nani mwingine atanisemea? Wakati wa kahawa, wanawake wa Kagoma tukiwa tumeketi kwenye majamvi tunachambua buni, kila mmoja huimba wimbo wake kwa zamu, na ukiimba wimbo wa mwenzako unachekwa. Nyimbo zangu zilikuwa zinavuka kilima. Nilikuwa nikizikuta kwenye visima ambavyo sijawahi kuteka maji, zinaimbwa na watu wasionijua.

Msimu ule wa kahawa nilianza kuchoka. Sikujua ni ugonjwa. Nilidhani ni umri, au watoto, au mlima wa kutoka kisimani. Nikikata mkungu wa ndizi na kuubeba mpaka jikoni, nilikuwa nakaa chini kabla ya kuutua. Basi nikautungia uchovu ule wimbo wa mavuno, kama mtu anavyomtungia jirani msumbufu. Kwa Kihaya ni mzuri zaidi, lakini kwa Kiswahili unakwenda hivi:

Nimevuna, mikono imekuwa mizito,
kikapu kimekuwa kilima.
Mgomba wangu umechoka,
umeegemea mti kama bibi na fimbo yake.
Kivuli kimefika mlangoni,
mundu umelala darini.
Ewe jua, usinisubiri,
mwanangu amesimama miguuni pangu.

Wanawake waliupenda. Walisema, "Adventina, huu unaumiza." Nikacheka, na katika kucheka nikakohoa, na kwenye ungo wa buni, juu ya zile punje za kijivu, likaanguka tone jekundu. Nililifunika kwa kiganja. Niliendelea kuchambua kwa mkono mmoja mpaka wengine walipoinuka kwenda kupika.

Ungekuwa wewe ungelifunika pia. Usijilaumu.

Hospitali ya Bukoba ilikuwa na benchi refu la kusubiria, limelainika kwa makalio ya watu. Nakushauri ukae upande wa dirishani, hata kama itabidi ufike umande ukiwa bado majanini. Upande wa ndani utakohoa na kila mtu atageuza shingo. Dirishani unakohoa nje, na nje hakuna anayekutazama isipokuwa kuku. Kwenye benchi lile nilijifunza kumtambua mwenzangu kabla hajafungua mdomo. Mgonjwa wa tumbo hushika tumbo, wa jicho hushika jicho. Sisi wa kifua hatushiki kitu. Tunakaa wima mno, kama watu waliokuja kwa shauri jingine kabisa.

Dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa mtu wa maneno machache. Alinipa kopo lenye kifuniko, la kutemea makohozi, akaniambia, "Hili ni lako. Usimwazime mtu, usiliache popote." Kwa wiki nzima nilikuwa nalificha chini ya kanga. Baadaye nikawa nalibeba wazi, mkononi, kama mwanamke anayetoka kununua mafuta ya taa. Ukiona aibu imekuzidi, fanya hivyo. Aibu ikibebwa wazi huchoka mapema.

Sindano zilikuwa za matakoni, asubuhi kwa asubuhi. Ilifika mahali nikawa nalala kifudifudi hata mchana, na Minza, mwanamke wa Kisukuma aliyeolewa Biharamulo, kitanda cha jirani, akawa ananiita Mama Mgongo. Kulikuwa na unga wa kumeza pia, mchungu kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka mdomoni, na nimewahi kuonja rubisi, pombe ya ndizi, ya shemeji yangu. Mwili uliniacha kidogo kidogo. Pete ya ndoa ilianguka ndani ya bakuli la uji, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Matiti yalilala kama mifuko iliyomwagwa. Masikio yakaanza kulia ndani, mlio mmoja usiokatika, kama panzi wameingia kichwani. Miguu nayo ikawa inayumba. Nilikuwa nikitembea nimeshika ukuta, kitanda, bega la Minza, chochote kilichosimama.

Mume wangu hakuja. Kutoka Kagoma mpaka Bukoba lori lilipita Jumatatu na Alhamisi, watu wa Muleba walipanda wakaja kuuza kahawa na kununua chumvi, lakini Sebastiani hakuja. Aliyekuja ni dada yangu Paskazia, kutoka Buhembe, kwa miguu, na ndizi zimefungwa kwenye jani, bado zinatoa moshi. Alikuwa ananilisha na kunisengenyea kijiji kizima ili nisilie.

Na senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka mwaka ule, Minza alipewa na ndugu zake kapu zima, akawakaanga kwenye banda la kupikia nyuma ya wodi. Akaniletea.

"Kwetu mwanamke hali senene," nikamwambia. "Anawakamata, anawachambua, wanakula wanaume."

"Wanaume wenu wako wapi hapa?" akauliza.

Nikatazama huku na huku. Nikala. Wewe unayenisoma, kama ni mwanamke wa Kihaya na bibi yako bado anakukataza, nakuambia tu: ni watamu. Nilikula mpaka vidole.

Mvua zilipokatika, daktari alisema naendelea vizuri, lakini kazi imefika nusu. Aliniruhusu kwenda kuwaona watoto kwa muda mfupi, kisha nirudi kumalizia. "Ukikaa huko," alisema, na dresa akanitafsiria, "utarudi ukiwa umebebwa, au hutarudi." Niliahidi. Nilipanda lori nimekalia magunia, najiona mtu.

Nyumbani nilikuta chumba cha nyuma, kilichokuwa cha mbuzi, kimefagiliwa. Kikombe changu kilikuwa dirishani, na sahani, na kijiko. Mama mkwe alikuwa amevitoboa matundu kwenye ukingo kwa msumari, visije vikachanganyika na vya watu.

"Ni kwa ajili ya watoto," alisema.

"Najua, Ma."

"Usininunie."

"Sijanuna."

Nilikuwa nimenuna. Watoto walisimama mlangoni, mdogo amefumbata mguu wa mkubwa, wakanitazama kama wanavyotazama mgeni wa padri. Nikawaimbia. Sauti iligoma katikati. Wakakimbia.

Basi Jumatatu ya kurudi ilifika. Sebastiani akasema kahawa imeiva, tungoje kidogo. Alhamisi, akasema lori limejaa. Jumatatu nyingine alitoka mapema. Na kikohozi, ambacho kilikuwa kimelala, kikaamka. Kilirudi na homa ya jioni, na jasho la kulowesha mkeka. Kila lori nililolisikia linapanda kilima cha Kagoma, linabadili gia, linapotea, nilijua ni kipande cha maisha yangu kinakwenda Bukoba bila mimi.

Hapo ndipo Kaijage alipoitisha wazee.

Nikueleze Kaijage ni mtu gani. Ni mpiga enanga, kile kinanda chetu cha nyuzi, na anakipiga vizuri, haki yake nampa. Kwa sababu hiyo watu wamemzoesha vibaya. Kwenye arusi na kwenye matanga wanamwuliza maana ya nyimbo, naye hufumba macho, hujibu polepole, wazee hutikisa kichwa. Migomba yake hulimwa na mkewe. Vidole vyake ni laini kama vya karani.

Walikaa uani asubuhi, na kibuyu cha rubisi katikati. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa matete. Hawakunificha, walikuwa wameshaniona ni kitu kisicho na masikio.

"Shauri ni moja," Kaijage alisema. "Tumrudishe Bukoba au tumwache hapa kwake?"

"Mgonjwa mwenyewe anasemaje?" akauliza mzee mmoja.

"Alishasema. Wimbo wake nani hapa haujui?"

"Tunaujua, waitu," mmoja akajibu kwa heshima.

"'Mgomba wangu umechoka.' Mgomba ni nani?" Akafumba macho, kama anavyofanya kwenye arusi. "'Kivuli kimefika mlangoni.' Kivuli gani hicho kinachopiga hodi? 'Mundu umelala darini.' Unamngoja nani? Na mtu akiliambia jua 'usinisubiri', waitu, akishaliaga jua, anabakiwa na nini?"

"Anabakiwa na shimo," mwingine akasema.

"Mimi sikutamka. Umetamka wewe. Halafu anamaliza: 'Mwanangu amesimama miguuni pangu.' Anatukabidhi watoto. Huyu mwanamke alijiaga msimu uliopita, sisi ndio tumechelewa kusikia. Kumpakia kwenye lori akafie kwa wageni ni kumnyima alichokiomba kwa mdomo wake."

Wazee wakasema, "Mmm." Na nikuambie kitu kibaya zaidi: alisema vizuri. Nikiwa nimelala pale na kopo langu, nikausikia wimbo wangu kwa sauti yake, kwa kitambo nikauamini. Nikajiuliza, je, ni kweli nilijua? Je, mdomo wangu uliimba kaburi, mimi nikidhani nasimulia kikapu? Uchovu ukikaa mwilini muda mrefu unaanza kukusemea. Unakuambia umeshakubali. Uwe macho na sauti hiyo. Mara nyingi ina lafudhi ya mtu unayemfahamu.

"Sebastiani," mzee akaita. "Ni mkeo. Wewe je?"

Kuku akapita.

"Kaka amesema," mume wangu akajibu.

Na hapo nikasikia kishindo.

Kishindo cha mgomba unaoanguka hakifanani na kingine. Si kikavu kama cha mti. Ni cha maji, kama mtu mnene amekaa kwenye matope. Kikafuata kingine, na kingine, upande wa chini wa kibanja changu, kwenye migomba niliyoipanda mimi mwaka nilioolewa. Nilielewa mara moja. Kwetu msiba haukuti jiko tupu. Mgonjwa akishakatiwa tamaa, watu wake huandaa kuni na ndizi, ili waliaji wakifika wale. Kaijage alikuwa ametuma wakataji kabla hata ya kufungua kikao.

Ndizi zangu. Zilikuwa zinakatwa kulisha watu watakaonililia mimi, nami nikiwa nasikia.

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka mkono ukutani, kisha kwenye mlango, kisha kwenye mtungi. Nilitokea uani na kopo langu mkononi, wazee wakavuta miguu kama maji yanamwagika. Sikuwatazama. Nilipita katikati yao, nikishika mgomba baada ya mgomba, mpaka kule chini.

Mikungu ilikuwa imelala kwenye majani makavu, mizuri, mirefu, na michanga. Ndizi nyembamba, bado zina pembe kali, hata hazijajaa. Na kando ya kila gogo ulilala mti wenye panda, ule ambao mume wangu alikuwa ameuegemezea mgomba usianguke kwa upepo wa ziwani.

Hapo akaingia mama mkwe. Alikuwa ametoka kisimani. Nyonga yake ni mbovu, hutembea kwa fimbo na kushika kuta, lakini alifika upesi kuliko wazee wote. Akautua mtungi. Akainama, akavunja ndizi moja, akaitazama.

"Nani amekata hizi?"

"Mimi, mama," Kaijage akasema. Walikuwa wametufuata wote. "Za wageni."

"Wageni gani?"

"Wa... wa msiba."

"Kaijage. Hii ni ndizi, au ni kidole cha kichanga?"

"Mama, ilikuwa tayari. Ilikuwa imeegemezwa."

"Imeegemezwa!" Sauti ilipanda mpaka nikasahau kukohoa. "Mgomba unaegemezwa siku unapozidiwa na mzigo, we mwana! Unakatwa ukikomaa! Kati ya siku hiyo na siku hiyo watu wanaoa! Utaita Kagoma nzima, Muleba nzima, waje kwenye nyumba yangu, uwapakulie hizi? Chungu kama shubiri! Watasema Koletha ameshindwa hata kulisha matanga!"

"Mama, zilikuwa zimeegemea..."

"Mimi naegemea ukuta tangu nilipovunjika nyonga. Mbona hujanikata?"

Mmoja wa wazee akacheka. Alijaribu kuzuia, kicheko kikamtokea puani. Halafu mwingine.

Nikaona mlango umefunguka, nami nikapita. Nilishika mti wenye panda, mmoja wa ile iliyoanguka, nikausimamisha nikauegemea. Nikauimba wimbo wangu wote, kwa sauti iliyokuwa kama mlango mbovu. Kila mstari nilipumzika. Hakuna aliyenikatiza. Halafu nikasema hivi, na leo nasema vilevile:

"Shemeji, wimbo huu nimeutunga mimi, si wewe. Mgomba wangu umechoka kwa kuwa umebeba. Usiobeba hauchoki, hausimamishiwi mti. Kivuli kimefika mlangoni kwa sababu ni jioni, na jioni kivuli cha paa hufika mlangoni, nenda kwako ukatazame. Mundu umelala darini. Umelala! Hauko mkononi mwa mtu. Mimi niliuweka, mimi nitauteremsha, siku yake ikifika. Jua nimeliambia lisinisubiri kwa kuwa kazi sijaimaliza. Litangulie, litanikuta hapa kesho. Na mwanangu amesimama miguuni pangu, ndiyo. Chipukizi husimama miguuni pa mama yake kwa sababu bado linanyonya. Ukimkata mama kabla hajakomaza, umemkata nani?"

Nilitaka kuendelea. Kikohozi kikanichukua, na kopo nikalitumia mbele yao wote, bila kugeuka.

Kaijage alifumba macho kama kawaida yake. Lakini hakuna aliyengoja ayafumbue. Wazee walikuwa wanamtazama mama mkwe, na mama mkwe alikuwa anatazama ndizi.

"Mimi hata sijui nyimbo," alisema. "Lakini hakuna msiba hapa mpaka ndizi zikomae. Na hizi hazikomai tena. Kwa hiyo hakuna msiba."

Ndivyo nilivyopona, msomaji. Usisubiri huruma. Mimi sikuokolewa na huruma, niliokolewa na ndizi changa. Mlango wowote utakaofunguka, hata uwe wa jikoni, pita.

Na Sebastiani? Wakati sote tunapiga kelele, yeye alikuwa amekwenda pembeni. Ulikuwa umebaki mgomba mmoja ambao wakataji hawakuufikia, mti wake umeteleza, umeinama karibu kugusa chini. Aliuchukua mti mwingine, akauchimbia vizuri, akauinua mgomba kwa bega, akauegemeza mara mbili. Akapangusa mikono. Akasema, bila kunitazama:

"Jumatatu lori linapita."

Maneno matatu. Kwa Sebastiani ni hotuba. Nimemwandika kati ya walionizika, na simfuti, kwa sababu alichelewa na alijua anachelewa. Lakini Jumatatu ile alinibeba yeye, kwenye machela, na rafiki yake upande wa pili, mpaka barabarani, na lori lilipotaka kupita bila kusimama alisimama katikati ya njia. Mbuzi wa Kagoma, nasikia, walinenepa sana kwa msiba wangu. Walikula ile mikungu yote.

Nilimaliza sindano zangu. Zilikuwa nyingi kuliko za kwanza, na safari hii sikurudi nyumbani katikati, hata padri alipokuja kusema watoto wananililia. Wacha walie, wana mama. Nakuomba nawe: ukiambiwa umalizie, maliza. Usidanganywe na unafuu. Unafuu ni mgeni wa mlangoni, hajaingia bado.

Minza hakumaliza. Alikufa mwanzoni mwa masika, asubuhi, ameniegemea. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba alikuwa amemaliza kunifundisha wimbo wa Kisukuma, naye alikuwa ameujua wangu.

Siku moja nilikuwa dirishani pa lile benchi nikamwona mwanamume anapanda njia ya hospitali, ana mkungu mzima wa ndizi begani. Alikuwa Sebastiani. Ule mgomba mmoja ulikuwa umekomaa. Aliutua mkungu miguuni pangu, mbele ya watu wote, ndizi nene, zimejaa, zina mng'aro wake.

"Mama amesema ule," akasema. Akakaa karibu nami. Karibu kabisa, bega kwa bega, upande ninaokohoa. Paskazia alipika kwenye banda, wodi nzima tukala.

Nilirudi Kagoma senene wakianguka. Masikio yangu bado yanalia, hata leo ninapoandika, na kwenye giza siwezi kutembea bila kushika kitu. Nimeshazoea. Kile kikombe chenye tundu bado ninacho. Daktari alisema si lazima tena, lakini ni changu, na asiyekipenda asikitazame. Mama mkwe alitaka kukitupa. Nikamwambia, "Ma, acha. Ni cha mtungaji." Siku hizi akija chumbani kwangu hunywea hicho, kwa ukaidi, ananitazama juu ya ukingo.

Na pale chini kibanjani, lile chipukizi lililokuwa miguuni pa mgomba ule lilikuwa limekuwa mgomba, limebeba, limezidiwa, limeegemezwa mti uleule. Nilingoja. Kila asubuhi nilikwenda kuzipapasa ndizi, na kila asubuhi nikarudi mikono mitupu, watu wananicheka. Zilipokomaa niliteremsha mundu darini kwa mkono wangu. Nikakata. Mkungu ukaanguka begani kwangu, sikukaa chini mpaka jikoni.

Ule mti wenye panda nikampelekea Kaijage. Watu walidhani ni tusi. Kidogo lilikuwa tusi.

Hakurudisha jibu, wala mti. Miaka imepita. Kwenye arusi bado anapiga enanga, na amewahi kuwaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyenipeleka hospitali. Sikumkanusha pale, namkanusha hapa.

Mwezi huu alikuja. Niliona kwa mbali mtu anashuka kibanjani anayumba, na fimbo mkononi, na alipokaribia nikaitambua. Alikuwa ameukata ule mti ukamfaa kutembelea, panda yake ameipitishia kiganja. Vidole vyake laini vimekuwa vijiti. Alisimama mlangoni kwangu, hakubisha hodi, akageuza uso kando akakohoa, akafunika mdomo kwa kiganja upesi, kama mimi nilivyofunika ungo.

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nimeyatunza miaka yote hii, mengine nimeyatungia hata wimbo.

Nikamletea maji kwenye kikombe changu.

"Jumatatu lori linapita, shemeji," nikasema. "Benchi lile kaa upande wa dirishani."